Kitenge cha Kiloleli

Jamani, bora niseme mwenyewe kabla Omari hajawasimulia, maana yule anaongeza chumvi: ni kweli nilikwama ziwani bila nguo, mchana kweupe, mbele ya akina mama wa Kiloleli.

Omari ni mfanyakazi mwenzangu hapa Bariadi, kwao Tanga, na kila siku anatubeza kwamba Simiyu hakuna pwani, ni pamba na vumbi tu. Nikamwambia tuna pwani ya ziwa kule Kiloleli, Busega, mchanga, mawe makubwa yamepandana, ndege weupe wamejaa, na vivutio vyote navijua (nilikuwa nimeviona mara moja, kupitia dirisha la basi la Mwanza). Jumamosi tukaenda.

Tukiteremka ufukweni tulimpita mama mmoja ana beseni la nguo kichwani. Ustaarabu ni kusimama, kusalimia, na kuuliza wanaume wanaogea upande gani. Lakini mwenyeji mzima niulize njia mbele ya mgeni? Halafu salamu zetu Wasukuma mnazijua, ukisema mwadila tu utaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, mpaka za mvua. Nikapita namwonyesha Omari mandhari kwa kidole.

Omari akasema hilo ni bwawa tu. Nikapandwa na hasira, nikavua kila kitu, nikajitosa, naye akaenda kupiga picha mawe. Naogelea kwa maringo, mara beseni likatua pembeni kabisa ya suruali yangu. Ni yule mama, na wenzake nyuma.

“Kijana, huku ni kwetu wanawake. Toka.”

“Siwezi, mayu, mama yangu.”

Wakaelewa. Walicheka mpaka mmoja akaangusha sabuni majini. Mama akafungua kitenge chake cha juu, akanirushia, wakageuka. Nikajifunga, nikakwapua nguo, nikakimbilia nyuma ya mawe kuvaa, na kwa aibu sikurudi kukirudisha. Nikafika nacho Bariadi.

Mchumba wangu Kabula akakikuta chumbani, akauliza cha nani (kwa macho yale ungekiri hata wizi wa ng'ombe). Nikasema ni zawadi ya kumpa mama yake siku ya posa, nimekifua tu kitoe rangi. Akafurahi, akakipiga pasi, akakifunga kwenye karatasi ya maua. Kwao Kabula ni Kiloleli hiyo hiyo, na mama yake sikuwahi kumwona, lakini nikajipa moyo kwamba Kiloleli wanawake ni wengi.

Siku ya posa mama mkwe akaingia, nikamtambua kabla hajakaa. Nikainamisha kichwa, wazee wakasema kijana ana adabu. Kabula akampa zawadi. Mama akakunjua kitenge, akakitazama, akanitazama.

“Kijana, siku hizi unaoga na kaptula?”

Ikabidi nisimulie yote, ukweni, nimevaa suti. Posa walipokea, maana baba mkwe alicheka mpaka akasahau masharti, ila Kabula alininunia wiki nzima. Tangu hapo nikifika Busega nasalimia kila ninayekutana naye, hata mbuzi nawapa mwadila yao, na ziwa nalitazama kupitia dirisha la basi.