Pete Iliyotiliwa Shaka

Kwa miaka kumi na tisa alisaga vioo vya miwani dukani, hadi duka lilipofungwa. Idara ya anga ya chuo ikatangaza nafasi ya mkagua picha. Akaomba, akapata, na wenzake wakambatiza Bi Miwani. Kazi yake ilikuwa kutazama galaksi ambazo kompyuta ilishuku kuwa ni lenzi: galaksi nzito iliyo mbele, uzito wake ukiupinda mwanga wa galaksi nyingine iliyo nyuma na mbali zaidi, hata hiyo ya nyuma ikaonekana imevutika kama upinde au imezunguka kama pete. Katika picha elfu, za kweli zilikuwa moja au mbili.

Pete iliyozua kasheshe haikupitia kwake. Aliikubali Mkuu wa idara mwenyewe, Bi Miwani akiwa likizo. Aliporudi Jumatatu alikuta viti vinapangwa ukumbini. Waziri na waandishi wa habari wamealikwa Alhamisi.

Akaifungua picha ili naye afurahi. Akaitazama, akairudia. Pete ilikuwa ya manjano sawasawa na galaksi ya katikati, wakati pinde alizozoea za galaksi za mbali zilikuwa na ubuluu. Tena upande mmoja pete ilishikana na galaksi kwa uzi mwembamba wa mwanga.

Nyumbani mama yake akamwuliza, "Mwanangu, huko juu nako kumeharibika nini? Hata chai hujaigusa."

"Nikisema nitafukuzwa, mama."

"Umeshafukuzwa na duka zima, na bado unakula. Kunywa chai."

Asubuhi akapiga moyo konde, akabisha mlango wa Mkuu.

"Mkuu, ile pete sidhani kama ni lenzi."

Mkuu, aliyemzidi elimu lakini si umri, akaweka kalamu chini. "Dada, una ushahidi au una wasiwasi?"

"Nina macho. Ushahidi wanao wenzetu wa darubini kubwa. Wapime mwanga wa pete na wa galaksi, kila mmoja peke yake, umbali ujulikane. Pete ikiwa mbali zaidi, nitakuomba radhi mbele ya watu."

"Na waziri nimwambieje? Asubiri Bi Miwani afute vioo?"

Bi Miwani akabaki amesimama pale pale. Mwishowe Mkuu akaivuta kompyuta kwa hasira, akaandika ombi.

Jumatano jibu likaja: mawingu, hawajapima. Siku nzima Mkuu hakumtupia hata jicho. Alhamisi wageni walitarajiwa saa nne. Saa tatu u nusu simu ya Mkuu ikalia, vipimo vimefika. Akamwita Bi Miwani, wakasoma pamoja, bega kwa bega. Namba mbili, umbali mmoja. Pete ilikuwa sehemu ya galaksi yenyewe.

Mkuu akaketi. Nje magari yalianza kuegeshwa.

"Nani mwingine anajua?" akauliza taratibu.

"Sisi wawili, Mkuu. Na waliopima."

Mkuu akavaa koti, akatoka, naye Bi Miwani akamfuata hadi mlango wa ukumbi.

"Tuliwaita kuona lenzi," Mkuu aliwaambia wageni. "Tumepima, si lenzi. Nilikosea."

Waziri akatazama saa. Mwandishi mmoja akazima kamera kwa kishindo. Jina la Bi Miwani halikutajwa, na alishindwa kujua kama anashukuru au ameumia.

Siku tisa Mkuu alimpita kwenye ujia bila salamu. Siku ya kumi akamwekea mezani orodha ya picha thelathini na moja.

"Hizi nilizikubali mwaka jana. Zipitie zote."

Bi Miwani alikata nne. Zilizobaki zikapelekwa kupimwa, na ishirini na tano zikathibitika kuwa lenzi za kweli. Mbili hazikuwa; hapo alikosea Bi Miwani, na Mkuu hakukawia kumwambia.