Macho Uliyompa Mchawi Wako

Mwanangu, siku mwalimu alipotusomea hadithi yake naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa msichana. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Kasoli, nyumba zimepangwa mistari, na jirani yako ni mtu usiyejua hata ametokea wapi. Jioni nilikwenda kisomo cha watu wazima pamoja na bibi yangu mzaa baba.

Mwalimu alikuwa kijana mpole, hana baya na mtu. Alitubunia hadithi ili tupende kusoma: mchawi mzee anayepanda fisi na kuzuia mvua, macho mekundu kama kaa la moto. Aliisoma vizuri mno, nami nikatamani kuandika kama yeye. Bibi alicheka kuliko wote. Ni mimi niliyeona vichwa vikigeuka kumtazama.

Kuni zilikuwa shida, tukipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake ulikuwa umemharibu bibi macho, yakawa mekundu daima. Kule tulikotoka kila mtu alijua hivyo. Hapa alikuwa mgeni, na mwaka ule mvua ilikataa. Watu wakaacha kumsalimia, kisha wakawa hawachoti maji akiwapo kisimani. Asubuhi moja tulimkuta kwenye shamba la pamba, amekatwa mapanga.

Mwalimu alikuja msibani akilia. "Mzee, ile ilikuwa hadithi tu," alimwambia baba.

"Najua," baba akajibu. "Lakini mchawi wako ulimpa macho ya mayu." Mayu ni mama, kwa lugha yetu ya nyumbani.

Sasa umeniletea mswada wako wa safari za kwenye nyota, na humo kuna vikongwe wenye macho mekundu wanaokula watoto. Unaandika vizuri, sikufichi, na ndiyo maana naogopa. Buni utakavyo: majua mawili, ng'ombe wanaoongea, miji inayoelea angani. Ila kitisho chako usikivike sura ya mtu asiye na wa kumtetea. Jiulize nani anafanana nacho hapa duniani, nenda ukale naye ugali, kisha rudi uandike upya. Kazi itachelewa, na ichelewe.

Mungu akujalie uandike mengi, mwanangu, na uzeeke katikati ya watu wasiokuogopa.