Zamu za Loisi: Wazazi wapanda madunguni, watoto warudi darasani

Kunapambazuka Kamsamba. Umande umelala juu ya mpunga na bonde zima limetulia kama linaota. Juu ya dungu la miti, Loisi Silwimba (46) anavuta kamba iliyofungwa makopo. Wingu la ndege waharibifu, kweleakwelea, linainuka, linapinda, linapotelea upande wa Rukwa.

Shamba hili si lake. Ni la jirani.

"Upepo ukivuma huku, nasikia watoto wakisoma kwa pamoja," anasema akitabasamu. "Nasahau hata njaa."

Loisi ni mkulima, na ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi ya kijiji. Alipochaguliwa miaka mitatu iliyopita, kila mpunga ulipotia maziwa, madarasa yalibaki matupu. Watoto walikuwa mashambani wakiamia, yaani wakifukuza ndege wasile mpunga. Wazazi walitozwa faini, watoto wakachapwa, wala halikubadilika jambo.

Kwenye mkutano wa wazazi, Loisi akatoa rai: watu wazima waamie kwa zamu, kila mmoja alinde na mashamba ya wenzake.

Mzee Osea, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya mto, alisimama akamgeukia Loisi. "Mama Lwitiko, ndege hawajui zamu. Mpunga ukiliwa, kamati itanilisha?"

"Kesho mlete mjukuu wako shule, baba," Loisi akamjibu. "Shamba lako nitaliamia mimi."

Akaenda. Lakini akiwa kwa Osea, ndege wakashuka kwake. Msimu ule alivuna magunia sita. Alizoea kumi na moja.

"Niliwaona wakila. Nililia, ila sikushuka," anakumbuka.

Osea naye aliwaona ndege siku ile. Kesho yake alipanda dungu la Loisi bila kuitwa. "Aibu ilinishika," anasema mzee huyo. "Mtu ameacha chakula chake kwa ajili ya mjukuu wangu!"

Haukupita muda, kaya nyingine nazo zikaomba zamu.

"Zamani nilikuwa naita majina, ukuta ndio unaitika," anasema mwalimu mkuu, Gasper Simbeye. "Sasa wanaitika wenyewe."

Sasa Loisi anawawazia watoto wa wafugaji, wanaoacha masomo na kuhama na mifugo kiangazi kikikaza. Kamati imetenga eneo la bweni lao, na wazazi wameanza kufyatua tofali.

"Nikifumba macho naliona," anasema, sauti ikishuka. "Madirisha makubwa, upepo unapita. Milango ya bluu. Ng'ombe wako mbali huko na baba zao, na watoto wamelala."