Wasichana Wawili Niliowafukuza Mezani

Nimefundisha maadili katika shule za sekondari hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, kwa miaka mingi, na muda wote huo niliamini kwamba asomaye kweli hufunga kinywa. Imani hiyo ndiyo iliyomwangusha binti wa watu.

Binti yangu anasomea usanifu wa majengo chuoni. Yeye na wenzake wawili waliongoza darasa, na walizoea kusomea kwetu, mtaa wa Nyakasanza, kwa sababu meza yetu ni pana. Mmoja wao alikimbia vita kwao, mji wa Fataki, pamoja na mama yake; walihifadhiwa katika chumba kimoja kisicho na meza.

Kila alasiri niliwasikia: mmoja anasema, wawili wanambishia, kisha wote wanaangua kicheko. Jumamosi moja, zikiwa zimebaki wiki mbili watetee ramani zao mbele ya walimu, nilitoka nikawauliza kama hii ni nyumba au soko.

“Papa, siye tunasomaka vile,” binti yangu alijibu.

Sikuuliza vile ni vipi. Niliwaamuru wageni wakunje karatasi zao, kila mtu akasome kwao, kimya. Yule wa Fataki aliniaga kwa heshima.

Binti yangu na yule mwenzake mwingine walifaulu. Yule wa Fataki, aliyechora peke yake sakafuni, alikwama kwenye maswali, akatakiwa kurudia. Binti yangu aliniarifu hayo bila kuongeza neno. Tangu siku hiyo hunijibu kwa adabu tupu.

Nilikwenda kwa yule wa Fataki kuomba msamaha. Nilimkuta amepiga magoti juu ya saruji, karatasi mbele yake. Nilisema maneno yote niliyoyaandaa, nikamsihi arudi kwetu. Alisema haiko neno, yamekwisha; kuhusu kurudi, atamuuliza kwanza mama yake. Kisha akanipa kiti pekee kilichokuwamo, akaniomba nimsikilize. Alinieleza nyumba aliyoichora: kuta, madirisha, njia ya maji ya mvua.

“Sasa Papa, mutu akitoka ku jiko, atafika wapi?”

Sikujua. Nilitazamia anicheke.

“Basi kosa ni yangu, sikueleza muzuri,” akasema, akafuta kona moja ya ramani na kuanza kunieleza upya.

Hapo nikafahamu nilichokuwa nimekivunja: ule ubishi wao mezani ndio uliokuwa kusoma kwao. Aliponiona kimya, aliweka penseli chini.

“Papa, unibishie. Ukinyamaza, nitaanguka tena.”

Nikaitazama ramani, nikitafuta la kubisha, na mimi mwalimu sikulipata.