Matabaka ya Korongo Letu

Mgeni yule sikumwamini tangu alipopewa maji akayanusa kabla ya kunywa. Alikuja kwetu Kisarawe miaka ile ya kuhamishiwa vijijini, nyundo ndogo kiunoni, akamwomba baba ruhusa ya kuingia kwenye korongo lililopita nyuma ya mikorosho yetu. Mtu mzima na akili zake, kutwa anagonga udongo na kuulamba. Mama akasema huyo ni mpelelezi. Mimi nikasema afadhali angekuwa mwizi, mwizi unampigia yowe yakaisha.

Jioni baba alimuuliza anatafuta nini hasa.

"Matabaka, mzee," akajibu. "Na hapa kwako yapo mengi."

Siku hizo neno hilo tulilisikia redioni na mikutanoni tu, na halikuwa neno la udongo. Matabaka ni mabwana na watwana, makabaila na kupe wanaonyonya wenzao. Ukionekana unayo shambani kwako, basi shamba limekwenda. Na baba hakuwa na kingine, mikorosho ile ndiyo iliyotulisha na kutuvisha.

Asubuhi, kabla hajaulizwa na mtu, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kujitetea kwamba kwake hakuna matabaka.

"Nani kasema yapo?" akauliza mwenyekiti.

Yaani baba yangu jamani, moto kauwasha mwenyewe. Tukaitwa sote, na mgeni naye, na majirani wakaja bila kuitwa. Mwenyekiti akamgeukia mgeni: "Ndugu, kwa huyu mzee kuna matabaka au hakuna?"

"Yapo. Nimeyaona kwa macho yangu."

Nilimchukia mtu yule mpaka mate yakawa machungu mdomoni. Alipoona nyuso zetu ndipo akashtuka, akatuomba twende naye korongoni.

Akatuonyesha ukingo wa udongo: mistari ya mchanga na mfinyanzi, ya juu imelala sawa, ya chini imelala sawa, ya katikati imejikunjakunja kama shuka la mtu aliyelala vibaya. Hayo ndiyo matabaka, akasema. Ile mistari ya katikati ilikuwa bado tope bichi ardhi ilipotetemeka, zamani kabla ya babu wa babu zetu. Maji yaliyokuwa ndani yakausukuma mchanga juu, vyote vikavurugika, kisha matope mapya yakaja kutulia juu yake. Au labda ni mteremko tu uliporomoka, hilo ndilo alilokuwa akilichunguza, kwa kuwa hata yeye hakuuamini udongo huo moja kwa moja.

Watu wakacheka, hasa wale waliokwisha kuigawana mikorosho kwa macho. Baba akashusha pumzi. Mimi nilikuwa namtazama mwenyekiti, maana yeye hakucheka. Aliinama, akaigusa ile mikunjo, akajifuta vidole kwenye suruali.

"Basi mzee hana kosa," akasema. "Lakini ardhi inayotetemeka si mahali pa kuacha watu. Mtahamia kijiji kipya kule barabarani na wenzenu, wiki hii hii."

Baba akamtazama mgeni, aseme neno, aseme kwamba hayo ni mambo ya kale. Mgeni akafungua mdomo, akamwangalia mwenyekiti, akaufunga.