Fisi wa Chini ya Sinki

Jumamosi tarehe tisa Machi, saa tisa alasiri, mume wangu alifariki hospitalini hapa London. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka ishirini na miwili. Pamoja naye nilimpoteza mtu wa kumsafisha fisi, ila hilo sikuliwaza wiki ile.

Fisi ni jina alilolitoa yeye. Nyumba tunayopanga Harrow ina mashine chini ya sinki la jikoni, ya kusaga mabaki ya chakula ili yaende na maji. Mwenye nyumba ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza, na alipotuonyesha mashine ile alijivuna kama anaonyesha gari jipya. Mume wangu aliisikiliza ikitafuna mifupa ya kuku, akasema, "Huyu ni fisi." Jina likabaki.

Kila Jumapili tukitoka kanisani alizima swichi ukutani, akaufunua mpira unaozunguka mdomo wa mashine na kuusugua upande wa chini kwa mswaki wa zamani. Kisha akamwaga chumvi ya mawe na barafu, akafungulia maji ya baridi, akawasha. Barafu aliigandisha mwenyewe, kila kipande na ganda la limau ndani yake. Nyumba nzima ilitetemeka. Mimi nilitoka jikoni. Kazi yangu ni kuwaogesha wazee wasiojiweza, nimesafisha kila kinachotoka kwa binadamu, lakini mdomo ule wa mpira sikutaka hata kuutazama.

Wiki ya matanga jikoni kulijaa wanawake. Aliyewaongoza alikuwa mtani wetu, Mzaramo anayekaa mtaa wa pili. Sisi ni Wasukuma, na kwenye msiba mtani ana ruhusa yake. Alivaa koti la marehemu na kofia yake, akapita sebuleni akiburuta mguu kama marehemu alivyotembea, akauliza kwa nini hajaletewa chai. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

Kisha akarudi jikoni kukuna nazi. Kwao machicha hutupiwa kuku. Alipokwisha kukamua tui alitazama huku na huku, akayasukuma machicha yote ndani ya sinki.

"Kuku wenu ndiye huyu," akasema.

Nilimwona. Nikaendelea kupanga vikombe.

Baada ya wiki mbili harufu ilianza. Mwanzoni ilikuwa kama nguo iliyolala na unyevu. Halafu ikawa nzito, ya tui lililochacha na nyama iliyosahauliwa, na chini yake kitu kitamu kitamu kilichonikaa kooni. Nilimwaga dawa ya choo. Harufu ya dawa ikapanda juu ya ile nyingine, zikawa mbili. Nilifunika tundu kwa sahani. Nikiifunua, kulikuwa na vijidudu vidogo vyeusi vimekaa ukingoni.

Binti yetu, ambaye ana miaka kumi na sita na hunijibu kwa Kiingereza, aliacha kula jikoni. Alibeba sahani yake chumbani na kufunga mlango. Siku moja nilimwuliza kwa nini ananiacha nile peke yangu. Akasema jikoni kunanuka kama wodi ya baba. Ilikuwa kweli. Nilimwambia ni machicha ya mtani, na hiyo ilikuwa nusu tu ya kweli.

Dawa niliijua. Ilikuwa kwenye friza, trei moja ya barafu yenye maganda ya limau, ya mwisho aliyoijaza kabla ya kulazwa. Kila nilipochukua samaki niliingiza mkono kwa uangalifu nisiiguse. Ningeweza kugandisha nyingine kwa siku moja. Lakini nikiweka trei ya pili pale, ile yake ingekuwa ya zamani. Kwa hiyo nikaendelea kunusa.

Jumapili moja ya Mei mtani alikuja na sufuria la wali wa nazi. Alifika mlango wa jikoni akasimama.

"Mtani, mmemzika kweli yule bwana? Au mlifanya haraka mkamwacha huku?"

"Ni machicha yako," nikamwambia.

"Machicha yangu hayanuki hivi. Haya yamekula na Wasukuma. Lete koleo."

Nilizima swichi ukutani. Aliingiza koleo la kugeuzia nyama akavuta. Machicha yalitoka yameshikana kama nywele zilizoziba bafu, ya kijivu, yanadondosha maji yenye utelezi. Akavuta tena. Tonge la tatu lilipokatika nilikimbilia mlango wa nyuma nikatapika kwenye maua.

Niliporudi alikuwa ameufunua ule mpira. Upande wa chini ulikuwa na ute mweusi, mnene kama makamasi, na katikati yake mabonge meupe ya mafuta yaliyoganda. Alinitazama. Yeye alipika kwa tui tu; mafuta ya kukaangia samaki hayakuwa yake.

"Mafuta ni yangu," nikasema. "Nimekuwa nikiyamwaga humo tangu Machi."

"Basi sugua mwenyewe."

Nilisugua kwa mswaki ule ule wa zamani. Ute uliniingia kwenye kucha. Nilihema kwa mdomo, na hata kwa mdomo niliuonja.

Nilipomwambia marehemu alimalizia kwa chumvi na barafu, mtani akafungua friza. "Barafu hii hapa."

"Usiiguse."

Aligeuka, mkono bado uko ndani. "Ya kwake?"

"Ya kwake."

Alirudisha mlango wa friza taratibu. Hakufanya utani. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

Nilisimama mikono inadondosha uchafu. Kisha nikafungua friza, nikaitoa trei, nikaipiga ukingoni mwa sinki. Vipande vyote vilitoka. Kimoja kilikuwa na mbegu ya limau. Nilivisukuma ndani vyote kwa vidole, nikaongeza chumvi, nikafungulia maji, nikawasha.

Nyumba ilitetemeka. Juu, mlango ukafunguliwa, miguu ikashuka ngazi mbio, halafu ikapunguza mwendo. Binti yetu alitokea mlangoni. Aliangalia sinki, si sisi, mpaka barafu ilipokwisha na ukabaki mvumo mtupu. Nikazima.

Alivuta kiti akakaa. Mtani akampakulia wali. Nilinawa mikono mara nne, na ilikuwa bado inanuka nilipokaa nao.