Mkono Haukutetemeka

Kitinda mimba wetu alipotuambia anataka kazi ya kununua na kuuza hisa kwa hela za kampuni yenyewe, si za wateja, mama yake alicheka.

"Kwa hiyo ni kamari ya kuvaa viatu vya kisigino."

"Mama, kamari haina bosi."

"Inaye. Humjui tu."

Wakamweka kwenye majaribio. Ghorofa ya nne, meza ndefu, skrini mbili mbili kila kiti. Simu zinaachwa kwenye kabati mlangoni. Ukipoteza zaidi ya kiwango ulichopewa, skrini inajizima yenyewe, unarudi nyumbani. Wenzake wengi walizimiwa, wakatoka wanalia. Yeye alikuwa anakuja, anakula vizuri, analala.

Siku ya mwisho ya majaribio, mama watoto akazidiwa hospitalini. Nilimpigia binti, simu ikaita bure. Nikapiga ofisini. Nikamwambia dada wa mapokezi, "Mwambie mama yake ametutoka."

Alifika jioni. Nikadhani ni foleni za barabarani.

Mazishini alikuja bosi wake, mtu mpole, viatu vinang'aa. Akanishika mkono, hauachii.

"Pole sana, mzee. Nikwambie la kukufariji. Mwanao tumemwajiri."

Nikashukuru.

"Alipoletewa habari alikuwa ameshikilia hisa nyingi, bei inashuka. Nikamwambia aende, wenzake watamalizia. Akasema ngoja. Akakaa mpaka bei ikapanda, akauza zote, ndipo akachukua mkoba. Nilikuwa nautazama mkono wake, mzee. Haukutetemeka. Watu wa hivyo hatuwapati."

Binti alikuwa pembeni, anasikia. Akainama, akatabasamu kidogo.

Sasa ana mshahara mzuri. Amenibadilishia bati. Kaniletea kitanda kipya, kikubwa. Upande wa mama yake naweka nguo. Jumapili anakuja, tunakula pamoja. Nikikohoa, ananitazama. Si kwa huruma. Ananitazama kama mtu anayesubiri kuona bei itashuka mpaka wapi.

Juzi asubuhi niliteleza bafuni, nyonga ikagoma. Nikajikokota hadi kwenye simu. Nikampigia, ikaita bure. Nikapiga ofisini. Yule dada wa mapokezi akanitambua kwa sauti, akaenda, akarudi.

"Nimemfikishia, baba. Amesema ngoja."

Nikaiweka simu kifuani. Soko la hisa linafungwa jioni.